Bob Marley: Aliyewashikanisha mikono mahasimu wa Jamaica

MIAKA zaidi ya 40 imekwisha kupita tangu Bob Marley alipoaga dunia, na bado sura yake haijatoka mitaani. Imechorwa kwenye daladala za Dar es Salaam na matatu za Nairobi, imechapwa kwenye fulana za mitumba, imetundikwa katika vibanda vya vinyozi. Vijana ambao hata wazazi wao walikuwa watoto wadogo alipofariki wanaziimba nyimbo zake kana kwamba zilitoka jana.

Hata hivyo, umaarufu huo wa mitaani umembeba kwa upande mmoja tu. Wengi humkumbuka kwa rasta zake na kwa moshi wa bangi, jambo ambalo halikuwa siri hata kidogo. Asiyefahamika sana ni Marley aliyevamiwa na watu wenye bunduki nyumbani kwake siku mbili kabla ya tamasha aliloliandaa kwa ajili ya kutuliza nchi yake, akapanda jukwaani akiwa na majeraha, kisha akarudi baada ya mwaka na miezi kadhaa kuwashikanisha mikono wanasiasa wawili ambao wafuasi wao walikuwa wakiuana.

Robert Nesta Marley alizaliwa Februari 6, 1945 katika kijiji cha Nine Mile, wilaya ya Saint Ann, kaskazini mwa kisiwa cha Jamaica. Mama yake, Cedella Malcolm, alikuwa msichana mweusi wa miaka 18. Baba yake, Norval Marley, alikuwa Mjamaika mzungu mwenye umri mkubwa mno kuliko mkewe, na hakukaa na familia yake. Alifariki mwaka 1955 akiwa karibu hajulikani kwa mwanawe. Mtoto wa mzungu na mweusi katika kijiji cha watu weusi hakukosa kuchekwa, na wapo wanaoamini kuwa huko ndiko ulikoanzia uchungu wake dhidi ya ubaguzi wa rangi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mama na mwana walihamia Kingston, wakaishia Trench Town, mtaa wa walalahoi magharibi mwa jiji hilo. Hapo Marley alishirikiana na Neville Livingston, aliyekuja kujulikana kama Bunny Wailer, na Peter McIntosh, yaani Peter Tosh. Mwanamuziki Joe Higgs, aliyekuwa akiishi katika mtaa huohuo, aliwafundisha vijana hao kupanga sauti pasipo kudai ada.

Mwishoni mwa mwaka 1963 kundi lao la Wailers liliingia katika studio ya Clement Dodd, maarufu kwa jina la Coxsone, na kurekodi Simmer Down. Kibao hicho kilishika nafasi ya kwanza Jamaica mwanzoni mwa mwaka 1964. Ni vema kukitazama kwa makini, kwani kilikuwa ni nasaha kwa vijana wahuni wa Kingston wapoze hasira zao na waache vurugu za mitaani. Marley hakuwa bado Rasta, wala muziki wenyewe haukuwa reggae. Ulikuwa ska, mirindimo ya kasi iliyotamba Jamaica wakati huo. Alikuwa na miaka 18. Hivyo basi, wanaodhani kuwa wito wa amani aliuvaa baadaye, alipokwisha kupata jina na fedha, wanakosea.

Februari 1966 alimuoa Rita Anderson, na mara baada ya harusi akaenda kwa mama yake aliyekuwa amehamia Wilmington, jimbo la Delaware nchini Marekani, kufanya vibarua vya kujikimu. Alikuwa hukohuko Aprili 21 mwaka huo, siku ambayo Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alitua Kingston na kupokewa na umati mkubwa uliovunja taratibu zote za uwanja wa ndege. Rita aliishuhudia ziara hiyo. Mumewe aliporejea alijongea taratibu katika imani ya Rastafari, imani ambayo waumini wake wakati huo walikuwa wakisumbuliwa na polisi na kudharauliwa na watu wa tabaka la juu.

Miaka ya studio za Kingston, ya mapunjo ya mirabaha na ya kazi na mtayarishaji Lee Perry, imekwisha kuandikwa sana. Inatosha kusema kuwa mwaka 1973 kampuni ya Island, chini ya Chris Blackwell, ilitoa albamu ya Catch a Fire na kuupeleka muziki huo Ulaya na Marekani. Kufikia mwaka 1974 Tosh na Bunny walikuwa wamejitoa kundini. Marley akabaki kiongozi, huku Rita, Judy Mowatt na Marcia Griffiths wakiitikia kwa jina la I-Threes.

Sasa ni lazima tuitazame Jamaica yenyewe, maana bila hivyo yaliyofuata hayaeleweki. Kisiwa hicho kilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1962, na vyama viwili vikawa vinapokezana madaraka: JLP na PNP. Katika mitaa ya kimaskini ya Kingston, chama hakikuwa suala la sera. Chama kilikuwa ni nyumba, ajira na ulinzi. Serikali iliyokuwa madarakani ilijenga makazi na kuwagawia watu wake, na waliobaki wakafukuzwa. Mtaa wa Tivoli Gardens, uliojengwa miaka ya 1960 juu ya kitongoji cha mabanda kilichobomolewa, ukawa ngome ya JLP na ya mbunge wake, Edward Seaga. Mitaa mingine ikawa ngome za PNP. Kila ngome ilikuwa na wababe wake wenye silaha, na kuvuka barabara moja tu kwenda upande wa pili kungeweza kumgharimu mtu maisha.

Michael Manley wa PNP alishinda uchaguzi wa mwaka 1972, akatangaza siasa za ujamaa wa kidemokrasia na kujenga urafiki na Cuba. Seaga alishika uongozi wa JLP mwaka 1974 na kuzipinga siasa hizo kwa nguvu zote. Wote wawili walikuwa wasomi wenye nasaba njema, wala hawakulala na njaa ya Trench Town. Jambo la kushangaza ni kwamba wote waliujua vilevile uwezo wa muziki: Seaga aliwahi kumiliki kampuni ya kurekodi kabla ya kuzama katika siasa, na Manley alizunguka nchi akiwa na wanamuziki katika kampeni za mwaka 1972. Waliokuwa wakifa ni vijana ambao hawakuwa na cha kupoteza. Kufikia Juni 1976 mauaji yalikuwa yamezidi hata serikali ikatangaza hali ya hatari.

Katika hali hiyo ndipo Marley alipoamua kutumbuiza bure. Tamasha lilipewa jina la Smile Jamaica, lifanyike Desemba 5, 1976 katika bustani ya Mashujaa wa Taifa jijini Kingston. Yeye alilitaka liwe la Wajamaika wote, lisilo na chama. Lakini matayarisho yakiwa yameanza, serikali ya Manley ikatangaza kuwa uchaguzi mkuu ungefanyika Desemba 15. Ghafla tamasha la amani likaonekana kama sherehe ya kampeni ya chama tawala. Msanii aliyekataa kuegemea upande akajikuta amesukumwa upande mmoja bila ridhaa yake.

Usiku wa Desemba 3, watu wenye bunduki walivamia nyumba yake namba 56 katika barabara ya Hope wakati bendi ikiwa mazoezini, wakafyatua risasi ovyo. Rita alipigwa kichwani. Meneja Don Taylor, aliyekuwa amesimama karibu na Marley, alipata majeraha mengi kiasi cha kupelekwa Miami kwa matibabu. Rafiki mwingine alijeruhiwa. Marley mwenyewe aliparuzwa kifuani na kujeruhiwa mkononi. Kwamba hakuna aliyekufa usiku ule ni jambo la kustaajabisha. Na hadi leo hakuna mtu aliyehukumiwa mahakamani kwa shambulio hilo, ingawa nadharia juu ya nani aliyewatuma hazihesabiki.

Yeyote angetarajia tamasha lifutwe. Siku mbili baadaye Marley alipanda jukwaani mbele ya umati unaokadiriwa kufikia watu 80,000, mkono ukiwa umejeruhiwa kiasi cha kutoweza kupiga gitaa. Rita alikuwa pembeni yake, kichwa kimefungwa bandeji. Alikuwa amekusudia kuimba wimbo mmoja. Aliimba kwa takriban saa moja na nusu, kisha akaufungulia umati shati lake ili uyaone majeraha. Mapema asubuhi iliyofuata aliondoka Jamaica.

Uhamishoni mjini London aliikamilisha Exodus, albamu iliyotoka Juni 1977 na ambayo mwaka 1999 jarida la Time liliitangaza kuwa albamu bora ya karne ya 20. Katika mwaka huohuo wa 1977, jeraha la kidole cha mguu lililozidi alipokuwa akicheza soka, mchezo alioupenda karibu sawa na muziki, lilipimwa na kugundulika kuwa ni saratani ya ngozi. Madaktari walishauri kidole kikatwe. Alikataa.

Huko Kingston mambo yalikuwa yamechukua sura mpya. Januari 5, 1978 wanajeshi waliwaua kwa risasi vijana watano katika eneo la Green Bay, kusini mwa jiji, baada ya kuwarubuni waende huko. Mauaji hayo yaliwafumbua macho wengi katika mitaa ya kimaskini: wao wakiwa wanauana kwa ajili ya vyama, dola ilikuwa tayari kuwaua bila kujali chama. Muda si mrefu wababe wawili wa pande hasimu, Claude Massop wa JLP na Aston Marshall wa PNP, aliyejulikana kama Bucky, walijikuta mahabusu pamoja na wakaanza kuzungumza. Walipotoka, mapatano ya kusimamisha mapigano yalitangazwa. Watu walicheza ngoma katika mitaa ambayo wiki chache nyuma hakuna aliyethubutu kuipita.

Hapa ndipo penye jambo ambalo masimulizi mengi huliruka. Amani ya mwaka 1978 haikuletwa na Marley. Ilianzishwa na watu ambao mikono yao wenyewe haikuwa safi, waliochoka kuzika wenzao. Wao ndio waliotambua kuwa mapatano yao hayakuwa na muhuri wowote, wala chama, wala sheria ya kuyalinda, na kwamba yupo mtu mmoja tu aliyeaminiwa na pande zote. Massop alisafiri hadi London kumsihi arudi. Marley, ambaye huenda waliotaka kumuua walitoka katika mitaa hiyohiyo, alikubali, na Februari 1978 aliwasili Kingston.

Tamasha la One Love Peace Concert lilifanyika Aprili 22, 1978 katika Uwanja wa Taifa, siku moja baada ya maadhimisho ya miaka 12 ya ziara ya Haile Selassie. Zaidi ya watu 30,000 walihudhuria. Mapato yalikusudiwa kwa ajili ya vyoo na makazi bora magharibi mwa Kingston, jambo linaloonyesha kuwa waandaaji hawakuwa na ndoto za mchana juu ya chanzo cha ugomvi. Manley na Seaga walikaribishwa, wakaketi mbele.

Peter Tosh alipanda kabla ya rafiki yake wa zamani. Yeye hakuja kupatanisha mtu. Aliwasha bangi hadharani na kuwashambulia viongozi hao wawili kwa maneno makali, akidai kuwa amani bila haki ni usingizi wa makaburini. Miezi michache baadaye polisi walimkamata na kumpiga vibaya sana, na si vigumu kuhisi kwamba hotuba ile ilikuwa haijasahaulika.

Kisha ikaja zamu ya Marley. Usiku ulikuwa umekwenda. Katikati ya wimbo Jamming, bendi ikiendelea kupiga, aliwaita Manley na Seaga jukwaani. Hakuna aliyekuwa amehakikishiwa kuwa wangekuja, na kukataa mbele ya umati ule kungekuwa aibu kubwa. Walipanda. Marley, akicheza kama mtu aliyepandwa na pepo, alivishika viganja vyao, akaviunganisha na kuviinua juu ya kichwa chake. Picha za tukio hilo zipo hadi leo. Ukizitazama vizuri utaona kuwa yeye ndiye pekee mwenye furaha. Wanasiasa wale wawili wana nyuso za watu wanaosubiri jambo hilo liishe.

Juni mwaka huo alitunukiwa mjini New York nishani ya amani kwa niaba ya nchi za Dunia ya Tatu, iliyokabidhiwa na mjumbe wa Senegal katika Umoja wa Mataifa. Lakini Kingston mapatano yalikuwa yameanza kulegea. Vyoo na nyumba havikupatikana kwa kiwango kilichotarajiwa, ajira hazikuja, silaha hazikusalimishwa. Februari 1979 polisi walimuua Massop kwa risasi pamoja na wenzake wawili. Marshall aliuawa mwaka uliofuata, mbali na kwao, jijini New York. Kampeni za uchaguzi wa Oktoba 1980 zikawa mbaya kuliko zote zilizotangulia: zaidi ya watu 800 waliuawa nchini Jamaica katika mwaka huo. Seaga alishinda kwa viti 51 kati ya 60.

Je, tuseme basi kwamba usiku ule wa Aprili haukufaa kitu? Hesabu ya maiti yaelekea kusema hivyo, na si uungwana kuificha kwa kuwa tunampenda msanii. Kwa upande mwingine, mapatano yale yalidumu kwa miezi, na miezi hiyo ina watu waliovuka barabara wakarudi nyumbani wazima. Wimbo haujengi nyumba, wala hauwezi kumnyang’anya mtu bunduki aliyopewa na mwanasiasa. Kazi hiyo ilikuwa ya wale wawili walioinuliwa mikono, nao hawakuifanya.

Marley mwenyewe hakuwa mhubiri wa amani ya kukaa kimya. Tangu mwaka 1976, katika wimbo War, alikuwa ameitia katika muziki hotuba aliyoitoa Haile Selassie katika Umoja wa Mataifa mwaka 1963, ambayo kiini chake ni kwamba vita havitakoma Afrika maadamu ubaguzi na ukoloni vingalipo. Mwaka 1979 alitoa albamu ya Survival, jalada lake likiwa limepambwa kwa bendera za nchi za Afrika, ya Tanzania ikiwamo. Ndani yake umo wimbo Zimbabwe, wa kuunga mkono waziwazi mapambano ya silaha ya wapigania uhuru, ambao baadhi yao walipata mafunzo katika kambi ya Mgagao mkoani Iringa.

Rhodesia ilipokuwa ikigeuka Zimbabwe, alialikwa kutumbuiza katika sherehe za uhuru. Alikubali na kubeba gharama kwa fedha zake mwenyewe, vyombo vikisafirishwa kwa ndege kutoka London. Usiku wa Aprili 17, 1980, katika uwanja wa Rufaro jijini Salisbury, leo Harare, wageni rasmi waliketi ndani, akiwamo Mwanamfalme Charles wa Uingereza, huku wananchi waliopigania siku hiyo wakiachwa nje ya kuta. Waliposikia muziki walisukuma mageti. Polisi walifyatua mabomu ya machozi, moshi ukatanda hadi jukwaani, na baadhi ya wanamuziki wakakimbia. Vurugu zilipotulia Marley aliendelea kuimba. Kesho yake alitumbuiza tena, safari hii kwa ajili ya walionyimwa nafasi, nao walijaa uwanjani kwa makumi ya maelfu.

Muda uliobaki ulikuwa mfupi. Septemba 21, 1980 alianguka akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York; saratani ilikuwa imekwisha kuenea mwilini. Siku mbili baadaye aliimba mjini Pittsburgh, na hiyo ikawa mara yake ya mwisho jukwaani. Novemba alibatizwa katika Kanisa la Orthodox la Ethiopia. Alitibiwa kwa miezi kadhaa nchini Ujerumani kwa daktari Josef Issels bila mafanikio, na akiwa njiani kurudi nyumbani alizidiwa. Alifariki Mei 11, 1981 katika hospitali mjini Miami. Alikuwa na miaka 36, na hakuacha wosia, jambo lililozua kesi za mirathi kwa miaka mingi.

Wenzake wengi nao hawakuzeeka. Mpiga ngoma wake, Carlton Barrett, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake jijini Kingston Aprili 1987. Tosh aliuawa na majambazi nyumbani kwake Septemba ya mwaka huohuo. Junior Braithwaite, mmoja wa waasisi wa Wailers, aliuawa kwa risasi mwaka 1999 jijini humohumo. Vijana waliorekodi wimbo wa kupoza hasira za Kingston hawakusalimika na bunduki za Kingston. Bunny alibaki, hata alipofariki Machi 2021 akiwa na miaka 73.

Mazishi ya Marley yalikuwa ya kitaifa, Mei 21, 1981. Seaga, sasa akiwa waziri mkuu, alisoma wasifu wa marehemu. Manley naye alikuwapo. Mwili ulisafirishwa kupita vijiji hadi Nine Mile, umati ukiwa umejipanga kando ya barabara, ukalazwa karibu na nyumba alimokulia. Manley alirudi madarakani mwaka 1989 na kufariki mwaka 1997. Seaga alifariki Mei 2019. Wote wawili wamezikwa katika bustani ya Mashujaa wa Taifa, ardhi ileile ambayo Bob Marley aliimba juu yake usiku wa Desemba 5, 1976, majeraha yake yakiwa ya siku mbili.